Makabati Kumi na Mawili ya Cambridge

Hatukwenda Cambridge kutazama makabati. Tulikwenda kuhudhuria nikahi ya binti wa ndugu yetu, mwezi wa Oktoba mwaka juzi, na nikahi ilipokwisha kufungwa zikabaki siku nne kabla ya safari ya kurejea Mombasa. Baridi ilikwisha kutuingia mifupani. Mwenyeji wetu, kijana wa ndugu yetu mwingine asomaye uhandisi huko, aliona si vyema ami yake ashinde ndani akinywa chai na kuilaumu hali ya hewa. Kwa hivyo siku ya pili alituchukua kuswali Adhuhuri katika msikiti wa Mill Road.

Wasomaji watatuwia radhi tukisimama hapo kidogo. Msikiti huo ulifunguliwa mwaka 2019. Nguzo zake ni za mbao, zimepinda zikipanda, na huko juu zashikana mfano wa matawi ya miti iliyopandwa karibu karibu. Mwanga washuka kati yake kutoka kwenye paa. Sisi tuliokulia chini ya boriti za mikoko tulihisi kama tumekaribishwa na mtu tunayemjua.

Tulipotoka, kijana alisema, "Ami, kama hujachoka, iko maktaba ya mtu mmoja aliyekufa miaka mia tatu na zaidi iliyopita. Vitabu vyake vingali ndani ya makabati yale yale aliyoyatengenezesha, kwa mpango ule ule aliouacha."

Hakujua kwamba maneno hayo yametugusa penye jeraha. Tukamwambia twende.

Ni mwendo wa kukata mji mzima kwa miguu, kupita uwanja mpana wa majani, kisha vichochoro vya madukani, hadi kwenye daraja la mto Cam. Chini ya daraja tuliona mashua bapa zikisukumwa kwa upondo, sawasawa na wavuvi wetu wafanyavyo penye maji machache, isipokuwa huku abiria wamefunikwa mablanketi na wanalipa kwa kutembezwa tu. Chuo tulichokuwa tukikiendea kipo ukingoni mwa mto. Kinaandikwa Magdalene, lakini wenyewe hukiita "Modlin". Na bwana mwenye maktaba aliandikwa Samuel Pepys, wao wakamwita "Pips". Sisi tuliofundishwa kwa kiboko kwamba kila herufi ina haki yake na makhraji yake tulistaajabu kidogo, tukanyamaza.

Jengo lenyewe lipo katika ua wa pili, la mawe, lina matao chini, na juu ya matao umechongwa mwaka 1724. Maktaba iko ghorofani. Unapanda ngazi, mlango wafunguliwa, na mbele yako yamesimama makabati kumi na mawili ya mti wa mwaloni, meusi kwa umri, marefu kuliko mtu, yamechongwa nakshi kwenye ukingo wa juu. Kila moja lina sehemu mbili: ya juu ndefu, ya chini fupi, zote zina milango ya vioo vilivyokatwa vipande vipande na kushikwa na fremu za mbao. Nyuma ya vioo mna vitabu 3,000. Hapana harufu ya ukungu. Hapana vumbi. Tulisimama mlangoni hata mzee aliyekuwa akiongoza wageni akatuashiria kwa upole tuingie.

Wanaoandika historia ya samani huyahesabu makabati haya miongoni mwa yale ya mwanzo kabisa ya vitabu yenye milango ya vioo katika Uingereza. Kabla yake vitabu huko viliwekwa masandukuni, au katika rafu za wazi, na katika maktaba za makanisa na vyuo vilifungwa kwa minyororo visiibwe. Kabati linalosimama peke yake, linalomwonyesha mgeni migongo ya vitabu huku likimzuia kuvigusa, lilikuwa jambo jipya. Liliwapendeza wengine pia: William Blathwayt, mtumishi mwingine wa serikali zama hizo, alitengenezewa mfano wake kwa ajili ya nyumba yake ya Dyrham Park, na moja la hayo sasa limo katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London.

Pepys mwenyewe hakuwa mtu wa ukoo mkubwa. Babake alikuwa mshonaji nguo. Alizaliwa London mwaka 1633, akasoma katika chuo hiki hiki, akaingia kazi ya uandishi katika ofisi ya jeshi la majini, na kwa bidii na hesabu safi akapanda hadi kuwa mwendeshaji mkuu wa mambo yake. Aliandika habari za kila siku tangu mwaka 1660 hadi 1669. Humo, katika mwezi wa Julai 1666, anaeleza kwamba vitabu vyake vimekuwa vingi, vimelaliana juu ya viti, na kila akitaka kimoja humbidi aondoshe vingine. Basi akamwita seremala, Sympson, wakakaa kupanga. Huyu Sympson alikuwa fundi wa gati za merikebu za vita, na ukijua hivyo unayatazama makabati kwa jicho jingine: viungo vimekaza, hakuna nafasi inayopotea, kila kitu kimepimwa kama chumba cha nahodha.

Sympson alikuja kusimamisha makabati mapya nyumbani kwake tarehe 24 Agosti 1666. Siku tisa baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba, moto ulianza katika tanuri la mwokaji mikate na London ikateketea kwa siku nne. Nyumba zaidi ya 13,000 ziliungua. Wauza vitabu walikuwa wamekimbiza mali yao wakaificha chini ya kanisa kuu la St Paul's, wakidhani jiwe litaihifadhi. Kanisa likaanguka, na vitabu vyote vikawa majivu. Pepys alipelekewa mkokoteni usiku akahamisha vyombo vyake nje ya mji, na jibini lake akalizika shimoni bustanini. Moto ulikaribia mtaa wake ukasimama. Mwaka 1673 moto mwingine uliiteketeza ofisi na nyumba yake pamoja, na mara hiyo tena vitabu vikaokolewa.

Kuhusu zile habari zake za kila siku, aliziandika kwa hati ya mkato isiyosomeka na watu wa kawaida, na zimo humo makabatini, jildi sita. Zilikaa zaidi ya karne moja bila kusomwa. Kati ya 1819 na 1822 kijana mmoja maskini, John Smith, alikaa miaka mitatu akiifumbua hati ile herufi kwa herufi, hali kitabu kinachoifundisha kilikuwa katika maktaba hiyo hiyo, hatua chache tu na hapo alipokaa jinamizi lake. Tuliambiwa pia kwamba ndani yake Pepys ameyataja madhambi yake kwa urefu na bila haya. Dini yetu yatufunza kusitiri, hatukuulizia zaidi.

Lililotushughulisha ni mpangilio. Vitabu vile havikupangwa kwa elimu zake wala kwa majina ya watunzi. Vimepangwa kwa kimo: namba 1 ndicho kidogo kuliko vyote, na namba 3,000 ndicho kikubwa. Katika rafu nyingi vimesimama safu mbili, vifupi mbele na virefu nyuma, ili migongo yote ionekane. Na pale kitabu kimoja kilipopungua kimo kuliko mwenzake, Pepys alikitengenezea kigao cha mbao cha kukikanyagia, kilichochongwa na kupambwa kifanane na mgongo wa kitabu chenyewe, hata vichwa vyote vikawa sawa kama safu ya swala. Ukitazama haraka huvioni vigao hivyo. Mzee yule alitufungulia kioo kimoja akatuonyesha.

Mwanzo tulitabasamu. Sisi tumefundishwa utaratibu mwingine. Imamu Badruddin Ibn Jamaa, aliyekuwa kadhi huko Sham na Misri na akafariki mwaka 733 Hijria, yaani 1333, ameandika kitabu juu ya adabu za mwalimu na mwanafunzi, na mlango mzima ameuweka kwa ajili ya vitabu. Kitabu kisiwekwe chini sakafuni, bali juu ya ubao au mfano wake, kisipate unyevu kikaoza. Vipangwe kwa utukufu wa elimu: Msahafu juu ya vyote, na bora uwe katika mfuko wake umetundikwa ukutani mahali safi, kisha Hadithi, kisha tafsiri na elimu nyingine kwa daraja zake. Kitabu kisifanywe mto wa kulalia, wala upepeo, wala kibao cha kuulia mdudu. Na kikubwa kisiwekwe juu ya kidogo, kisije kikaanguka. Wakati huo vitabu vililazwa, havikusimamishwa, na jina liliandikwa ukingoni mwa kurasa ili msomaji alione bila kuvuruga rundo. Hapo tukatambua kwamba hata Ibn Jamaa alifikiria kimo. Pepys amelifanya shauri hilo moja kuwa sheria nzima, na sheria nyingine akaziacha.

Wala kabati la vitabu si uvumbuzi wa Waingereza. Msafiri al-Maqdisi, mzaliwa wa Baitul Maqdis, aliizuru maktaba ya mfalme Adud al-Dawla huko Shiraz katika karne ya kumi ya Miladi, akatuachia sifa zake. Ukumbi mrefu wa kuba, na vyumba pembeni. Kutani yamepangwa makabati ya mbao zilizopambwa, kimo cha kila moja ni kimo cha mtu, upana dhiraa tatu, na milango yake yateremka kutoka juu. Kila elimu ina makabati yake na orodha yake. Hayo yalikuwa miaka mia saba kabla ya Sympson kushika randa. Tulimsimulia kijana wetu habari hiyo pale pale, kwa sauti ya chini lakini kwa fahari kidogo, akatusikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Na sasa yako wapi, Ami?"

Hapana hata moja. Tunayajua kwa kalamu ya msafiri tu.

Swali la kijana lilitunyamazisha kwa sababu ya jambo ambalo hakuwa akilijua, na hapa yatupasa tuwaeleze wasomaji. Maalim wetu, aliyetusomesha tangu Ajurrumiya hadi Minhaji, alifariki yapata miaka kumi na mmoja kabla ya safari hiyo. Baada ya eda, mjane wake alituletea kasha la vitabu vyake, la mbao nzito, limebebwa na vijana wanne. Akasema, "Maalim, hivi ni amana kwako mpaka watoto wapate akili." Tukalipokea. Tukaliweka katika ghala ya chini ya nyumba yetu katika Mji wa Kale, sakafuni, limeegemea ukuta. Tukafunga mlango tukaridhika nafsi zetu.

Katika Shaaban ya mwaka ule wa safari, mwanawe mkubwa, sasa mtu mzima mwenye mke, alikuja kuuliza. Tulilifungua kasha pamoja. Juu vitabu vilionekana salama. Tulipoinua safu ya pili mikono yetu iliingia katika udongo. Mchwa walipanda kutoka sakafuni, wakatoboa ubao wa chini, wakala kwa miaka kimya kimya kutoka chini kwenda juu. Kulikuwa na miswada miwili ya mkono, mmoja wa babu yake. Katika ukurasa wa mwanzo wa huo palikuwa pameandikwa lile neno ambalo waandishi wa zamani waliliandika ili wadudu wasile kitabu, "Ya Kabikaj". Wengine walidai ni jina la mfalme wa mende. Walio na elimu wanasema asili yake ni mmea wenye sumu uliowekwa kati ya kurasa. Sisi hatulisomeshi, kwani haombwi ila Mwenyezi Mungu. Lakini twasema tulivyoona: mchwa walikuwa wamelila lile neno na kuacha pambizo.

Yule kijana hakutulaumu. Alisema, "Inshallah kheri, Maalim," akapangusa mikono yake, akaenda. Laiti angelaumu.

Na jambo lililotukaa rohoni ni kwamba mlango wa amana tumeusomesha sisi wenyewe, darsa baada ya darsa. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafii wamelieleza waziwazi: aliyewekewa amana halipi ikiharibika bila ya uzembe wake, lakini akizembea hulipa. Na mfano wao maarufu ni wa nguo za sufi: ni wajibu juu ya aliyezipokea kuzitoa upeponi zisiliwe na wadudu. Ni mara ngapi tumeusoma mfano huo kwa sauti mbele ya wanafunzi, na chini ya miguu yetu ghalani kasha limefungwa?

Basi pale Cambridge, mbele ya makabati ya mtu asiyekuwa na mlango huo wa fiqhi, tulikuwa tukihesabiwa. Kwa nini vyake vimebaki? Mwaloni ni mti mgumu, ni kweli, na nchi yao haina mchwa kama wetu. Lakini nchi yao ina moto, na warithi, na madeni, na maktaba ngapi za wakubwa kuliko yeye zimepigwa mnada zikatawanyika. Tulimwuliza yule mzee, naye akatueleza habari za wasia.

Pepys hakuwa na mtoto. Alipofariki mwaka 1703 alimwachia maktaba mpwa wake, John Jackson, aitumie maisha yake na kuikamilisha. Baada ya hapo iende chuoni kwake Magdalene, nayo ikafika mwaka 1724. Akaweka masharti. Ikae chumba chake peke yake. Kisiongezwe kitabu wala kisipunguzwe. Akayaimarisha kwa hila ambayo twaikiri ni ya mtu aliyewajua wanadamu: masharti yakivunjwa, maktaba yote itahamia Trinity, chuo jirani kilicho kikubwa na tajiri zaidi, na hao Trinity wana haki ya kuja kila mwaka kukagua. Yaani mlinzi wa mali ni yule anayeitamani. Miaka mia tatu Magdalene wamekaa macho wakijua jirani anahesabu.

Kijana wetu aliona ni jambo la kuchekesha. Sisi tuliona ni wakfu, ila haukuitwa hivyo: mali imezuiwa, manufaa yametolewa, msimamizi ametajwa, na sharti la mwenye kuweka linafuatwa kama lilivyoandikwa.

Tulizunguka tena mara ya pili. Tuliyaona yale mengine ambayo wageni huyafuata: kitabu cha Newton cha mwaka 1687, chenye jina la Pepys kwenye ukurasa wa mbele kwa kuwa ndiye aliyekuwa rais wa Royal Society alipokiidhinisha, na sehemu ya orodha ya merikebu za mfalme Henry VIII, zilizochorwa kwa rangi mwaka 1546, ambayo sisi watu wa bahari tungeweza kuitazama siku kutwa. Jambo moja tulilijua kabla ya kufika, nalo ni kwamba Pepys aliwahi kukanyaga ardhi ya Waislamu. Mwaka 1683 alitumwa Tangier, Morocco, wakati Waingereza walipoamua kuuhama mji huo. Waliupata kwa Wareno, kama mahari ya binti wa mfalme aliyeolewa Uingereza. Wareno hao hao ndio waliokuwa wakati huo wamejifungia ndani ya Fort Jesus yetu, hata Waomani walipowatoa mwaka 1698. Dunia ya merikebu ilikuwa ndogo hata zama zile.

Tuliporudi nyumbani hatukungoja. Tuliwaita warithi wa Maalim wote, mabinti na wana, na mama yao akiwa nyuma ya pazia. Tukawaambia kwamba kuharibika kwa vitabu ni uzembe wetu, na kwamba dhamana ni juu yetu. Vilivyosalia vizima ni 94. Vilivyochapishwa miongoni mwa vilivyopotea tulivilipa kimoja kimoja, vingine tukavitoa katika rafu zetu wenyewe, vingine tukaviagiza Cairo na Beirut. Miswada miwili haina badala. Tulitaja thamani yake kwa makadirio ya watu wawili waadilifu, na mama akakataa kuipokea. Mazungumzo hayo tutayaacha yabaki baina yetu na yeye.

Kisha tukawapa shauri la wakfu. Wanne walikubali. Binti mmoja alisema anataka fungu lake, kwani vitabu vya babake anataka viwe mbele ya macho ya watoto wake, wala si katika madrasa ya wanaume. Ni haki yake katika mirathi, na maneno yake yalikuwa na uzito. Akapimiwa fungu lake akalichukua. Vilivyobaki ndivyo vilivyowekwa wakfu.

Likabaki kabati. Hapo tulikumbuka kwamba wazee wetu hawakuwa na haja nalo. Katika nyumba za kale za Lamu, chumba cha ndani kina zidaka ukutani, safu juu ya safu, zilizochongwa katika lipu ya chokaa, na humo Msahafu na vitabu vililazwa pamoja na vyombo vya Kichina. Ziko juu ya sakafu, ni kavu, na hewa yapita. Miswada ya Msikiti wa Riyadha katika mji huo huo imefikia zama zetu hata ikapigwa picha za kidijitali. Lakini madrasa yetu ni ya matofali ya saruji, kuta zake nyembamba. Huwezi kuchonga kidaka ndani yake usitokee kwa jirani.

Tulimwita fundi aliyejifunza kazi kwenye majahazi ya Matondoni kabla hajahamia vitandani na milangoni. Tulimweleza makabati ya Cambridge kwa mikono na kwa kalamu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sheikh, kioo hapana. Kioo ni cha nchi ya baridi. Hapa utafungia unyevu ndani, kitabu kitaota ukungu mbele ya macho yako, nawe ukitazama." Alisema kweli, nasi tulikuwa tumekwisha kupenda vioo. Akachukua mvule, akatia milango ya jali, matundu madogo ya kupitisha upepo na kuzuia mkono. Miguu ameiinua shubiri mbili kutoka sakafuni, na kila mguu umesimama ndani ya kopo lenye mafuta ya taa, kama mama zetu walivyokuwa wakifanya kwa kabati la chakula. Si jambo la kupendeza machoni. Mgeni mmoja aliuliza kwa nini hatuyafichi makopo. Tukamwambia yaonekane.

Rafu ni tano. Ya juu ina Misahafu, kila mmoja katika mfuko wake, kisha Hadithi, kisha tafsiri, kisha fiqhi, na chini nahau na tarehe. Tumefuata Ibn Jamaa. Hata hivyo ndani ya kila elimu tumepanga kwa kimo, na pale vitabu vidogo vilipozama kati ya vikubwa, yule fundi alivichongea vigao kwa vipande vilivyobaki. Hakuvipamba, lakini vichwa viko sawa.

Hati ya wakfu tuliiandika mbele ya mashahidi. Sharti la Pepys la kuihamisha mali hatukuliiga, kwa kuwa wakfu ukishafungwa haurudi wala hauhamishiki kwa adhabu. Tuliiga lile la jirani. Iko madrasa nyingine mtaa wa pili ambayo, tuseme kwa lugha ya heshima, tumekuwa tukishindana nayo katika mashindano ya kuhifadhi Qurani kwa muda mrefu. Tumewaandika wao kuwa wakaguzi. Kila mwezi wa Rajab watakuja na daftari wahesabu. Kitabu hakitoki chumbani ila kwa saini. Hesabu ikipungua kwa uzembe na isipotengenezwa kwa mwaka mmoja, usimamizi wa kabati unatoka kwetu unakwenda kwao. Tulipowapelekea hati hiyo, mkuu wao aliisoma mara mbili, akatazama juu, akauliza kama tuna hakika.

Walikuja Rajab hii iliyopita, watu watatu, baada ya Alasiri. Hawakutaka chai kabla ya kazi. Walifungua jali, wakavitoa vitabu rafu kwa rafu, wakapangusa kila kimoja kwa kitambaa, wakalinganisha na daftari, na mmoja wao akainama kwa tochi kutazama makopo. Wanafunzi walikaa mlangoni kimya kuliko wanavyokaa darsani. Walipofika mwisho walihesabu tena tangu mwanzo. Kimoja kilikuwa kimekosekana: sharhi ndogo ya nahau, yenye jalada la kijani, namba 131, na katika daftari hapakuwa na saini ya mtu aliyeichukua.

Tuliahirisha mkutano tukatafuta madrasa nzima, hata chini ya majamvi. Baada ya Maghribi mjukuu wetu alikuja mbio kutoka nyumbani ameikumbatia kwa mikono miwili. Ilikuwa kando ya kitanda chetu, na miwani yetu juu yake.

Mkuu wao aliipokea, akaitia mahali pake, akachukua kalamu. Aliandika namba ya kitabu, na tarehe, na mahali kilipopatikana, na jina letu kamili pamoja na la baba, kisha akatugeuzia daftari tutie saini.